Lori Lililokula Makala

Pikipiki yangu ya kwanza niliifikisha garaji nikiwa nimeibeba kichwani, ndani ya beseni. Msicheke sana. Nilikuwa mjane mpya. Mume wangu aliniachia watoto na ile pikipiki, na siku ilipokataa kuwaka nilichukua spana zake nikaifungua mwenyewe, nikiamini kwamba kitu kilichofunguka hakiwezi kukosa kufungika. Kinaweza. Nilipomaliza nilikuwa na rundo la vyuma mkekani, na sikujua tena kipi kilitoka wapi. Basi nikaviosha vyote kwa sabuni kama mtu anayeosha sahani, nikavitia katika beseni, nikapanda navyo hadi kwa Muzee Zakari.

Muzee Zakari alikuwa mekanisie, fundi wa magari mwenye heshima yake hapa Bunia: mrefu, masikio makubwa, sauti ya chini. Alichungulia beseni, akanichungulia na mimi.

"Mama, unauzisha nini?"

"Siuzishi, Muzee. Ni moto, pikipiki ya bwana yangu. Nataka unifundishe kuifunga."

"Kuifunga weye mwenyewe, ao kulipa mutu akufungie?"

"Miye mwenyewe."

Akachukua pistoni, akainusa. "Umeiosha na sabuni?"

"Ndiyo."

"Ya nguo ao ya kuoga?"

Wafanyakazi wake wakacheka hadi mmoja akaangusha betri. Yeye hakucheka. Alinisogezea kigoda cha mbao chenye madoa ya oili, akasema, "Kaa. Tutaanza na hii yenye kunuka sabuni ya Pasaka." Nikakaa, na kwa kweli sikuinuka tena mpaka mwaka huu, magoti yaliponiambia imetosha.

Ninyi vijana wa kituo cha ufundi mmeniomba niwaeleze motere, yaani injini, ilitoka wapi: nani waliianza, magari ya kwanza yalikuwaje, zamani ilikula nini. Mimi historia hiyo sikuisomea darasani. Niliipata kwa Muzee, vipande vipande, mikono ikiwa ndani ya oili, na yeye aliipata kwa waliomtangulia. Nitawapa kama nilivyopewa. Kufunga ni kazi yenu.

Nianze na kidole gumba.

Magari ya zamani hayakuwa na ufunguo wa kuwashia. Mbele, chini ya radiateri, palikuwa na tundu. Ulitia humo manivela, chuma kilichopindwa kama mkono wa mtu anayeomba, ukazungusha. Motere ikikubali, vizuri. Ikikataa, ilipiga kinyumenyume, na manivela ikarudi kwa nguvu ya teke la punda. Kiganja cha kuume cha Muzee kilikuwa kimekaa upande tangu ujana kwa sababu hiyo. Alinifundisha kushika manivela huku gumba likilala pamoja na vidole vingine, upande mmoja, kamwe lisizunguke chuma. Ikirudi, inateleza mkononi na kuondoka. Ukiizungushia gumba, inaondoka nalo. Tena uvute kutoka chini kwenda juu, usisukume kamwe kutoka juu kwenda chini. Na kabla ya hayo yote, chelewesha cheche kidogo, ili moto usiwake pistoni ikiwa bado inapanda.

Mtasema: Mama Mado, nani anawasha kwa manivela leo? Hakuna. Lakini mtu aliyewahi kuzungusha motere kwa mkono wake anajua ndani kuna nini. Anasikia pale inapobana na pale inapolegea. Ninyi mnachomeka simu kwenye gari na simu inawaambia ugonjwa. Sikatai, hata mimi nimeishika simu hiyo na nikaipenda. Ila siku simu ikisema "hakuna kasoro" na gari limesimama katikati ya matope ya Mambasa, mtamuuliza nani?

Siku moja mteja mmoja, mfanyabiashara wa mbao, alinikuta nimelala chini ya gari lake. Akasema hataki mwanamke aguse motere yake. Nikaanza kutoka, mgongo ukikwaruza changarawe. Muzee akanizuia kwa mguu, kwa upole, akamwambia yule bwana:

"Ukae kwanza. Nikuulize kitu. Mutu wa kwanza wa kupeleka motokari safari ya mbali alikuwa nani?"

"Mimi nitajua?"

"Alikuwa mama. Mujerumani. Bwana yake alitengeneza ile motokari, ya magurudumu tatu, lakini aliogopa kutoka nayo mbali. Batu banacheka, banasema iko mashini ya shetani. Mama akapakiza batoto yake asubuhi, bwana akiwa angali analala, akaenda. Haiko na kituo cha esanse dunia muzima! Akanunua mafuta kwa famasi, kwenye banauzisha dawa. Bomba ya mafuta ikaziba njiani, akatoa pini ya kofia yake, akaizibua. Kama ule mama angengojea ruhusa, weye leo ungekuwa unatembea na miguu."

Yule bwana aliketi. Gari lake nililimaliza mimi, na tangu siku hiyo kila alipokuja aliuliza, "Ule mama wa pini iko?"

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Muzee alipenda kurudia neno moja hadi tukalichoka: "Motere haijuagi jina ya mafuta. Inajuaka tu pumzi yenye kuwaka." Alituambia kwamba motere za kwanza kabisa, kule Ulaya, hazikunywa petroli. Zilivuta gazi ileile iliyokuwa ikiwasha taa za barabarani. Zilikuwa kubwa, nzito, zimefungwa sakafuni mwa karakana, na hazikuweza kwenda popote kwa sababu zimefungwa kwenye bomba la gazi kama mbuzi kwenye kamba. Ndipo watu wakafikiri: je, tukibeba pumzi yenyewe ndani ya chupa? Petroli ni hiyo. Karbirateri kazi yake ni kuigeuza petroli iwe pumzi tena. Motere yenyewe inafanya mambo yaleyale manne, haijali umri wala kabila: inavuta, inabana, inalipuka, inatoa.

Nililisikia neno hilo kwa miaka kama mtu anavyosikia kengele ya kanisa la jirani. Sikujua kwamba siku moja watu watakula kwa sababu yake.

Ilikuwa wakati wa vita. Sitaeleza vita, wazazi wenu wapo, waulizeni, na wakinyamaza msiwalazimishe. Niseme tu kwamba barabara zilikatika. Malori ya upande wa Mambasa hayakufika, ya upande wa Butembo hayakufika. Esanse, yaani petroli, ikaisha, kisha mazutu, yaani dizeli. Na watu kutoka Djugu walikuwa wanaingia mjini kila siku, na godoro, na kuku, na wengine mikono mitupu. Mtaa wa Bigo ulijaa. Nyumba ya watu watano ililaza ukoo mzima.

Hapo Bigo, ukuta kwa ukuta na garaji yetu, palikuwa na mashine ya kusaga ya Mama Kavira. Mama Kavira alikuja kutoka Butembo na biashara yake, mwanamke wa maneno machache na vitambaa vizuri. Mashine yake ilikuwa na motere ya mazutu. Siku ilipokauka, ilikauka. Mahindi yalikuwepo, watu waligawiwa punje. Ila punje bila mashine si bugali. Kinu? Nani anakimbia na kinu mgongoni? Vichache vilivyokuwepo vilipigwa tangu alfajiri bila kupumzika. Wengi walichemsha punje nzima, na watoto wadogo zikawapita tumboni kama zilivyoingia. Wazee wasio na meno walinyonya wakatema.

Mama Kavira alikuja garaji akasimama mbele ya Muzee, mikono kiunoni.

"Muzee, nipatie hata bidoni moja ya mazutu."

"Sina hata ya kuoshea mikono."

"Basi tufanye nini? Hawa batoto banalia ku mulango yangu. Mashini ninayo, mahindi banayo, na njaa iko katikati inatucheka."

Lazima niwaeleze kwamba wakati huo Muzee naye alikuwa na lake. Mke wake, Mama Anzelina, alikuwa Irumu, alikokwenda kulima kabla barabara haijafungwa, na habari zake hatukuwa nazo. Kila aliyefika kwa miguu kutoka upande huo Muzee alimuuliza: "Umeona mama moja mufupi, anatembeaka haraka haraka?" Wote walijibu hapana, na yeye alisema asante, akarudi kwenye kazi iliyokuwa haipo.

Muzee akamgeukia Mama Kavira, akasema, "Makala iko?"

Makala, yaani mkaa, ilikuwepo. Ni kitu pekee kilichokuwa hakijakosekana.

"Iko," akasema Mama Kavira. "Lakini mashini haipikwe, Muzee."

"Itapikwa."

Hapo ndipo alipotueleza kitu ambacho hakuwahi kukieleza kwa urefu. Zamani, Wazungu walipopigana vita yao kubwa na petroli ikakosekana huku kwetu, malori yalitembea kwa makala. Nyuma ya kichwa cha lori walifunga pipa la chuma, wakaliita gazojeni. Ndani unawasha makala, kisha unainyima hewa. Makala inayonyimwa hewa haimalizi kuwaka; inatoa pumzi, na pumzi hiyo ukiipoza na kuichuja, motere inaivuta kama petroli. Muzee akiwa kijana ndiye aliyechochea moto wa lori la namna hiyo. Aliziona, alizigusa, zilimchoma. Kutengeneza moja, hajawahi.

"Basi tutatengeneza," nikasema. Sijui nani aliniwekea maneno hayo mdomoni.

Motere ya mazutu ya Mama Kavira haikutufaa. Haina bujii, ile plagi ya cheche, inawasha kwa kubana tu, na pumzi ya makala inataka cheche. Lakini uani mwetu kulikuwa na lori kuukuu la petroli, lililoachwa na mwenyewe alipohama, na kuku wa garaji walikuwa wanataga kwenye kiti cha shofa, yaani dereva. Tukawahamisha kuku. Tukaliinua lori upande wa nyuma kwa magogo, tukavua tairi moja, tukapitisha mkanda wa mashine ya kusaga, tuliyoisogeza uani, juu ya ringi tupu. Lile gurudumu lingine tukalifunga kwa minyororo lisizunguke, maana nguvu ya motere inakimbilia lililo rahisi. Muzee alisema wakulima wa ng'ambo walifanya hivyo na magari yao ya kwanza: wiki nzima gari linasaga na kupasua kuni, Jumapili linarudishiwa tairi na kwenda kanisani.

Gazojeni tuliifanya kwa mapipa ya oili. Moja la moto, moja la kuchuja. Katikati tukaweka mabomba marefu ya ekzosi, ili pumzi ipoe njiani. Kwenye kichujio tulitia nyuzi za katani na blanketi kuukuu alilolitoa Mama Kavira. Makala tuliichagua: ngumu, kavu kabisa, iliyovunjwa vipande vya ukubwa wa kokwa la parachichi, vumbi limepepetwa. Makala yenye maji inakutolea mvuke badala ya pumzi. Isiyoiva inakutolea lami, na lami ikifika kwenye valvu zinaganda kama nzi kwenye gundi.

Mara ya kwanza tulipojaribu, paliachwa kitundu kwenye ungio la bomba. Kitundu hicho kiliingiza hewa ndani ya pipa, na pumzi ile ikishapata hewa haingoji silinda, inalipuka palepale ilipo. Kifuniko kiliruka juu ya paa. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa nainuka kutoka juu yake, na nyusi zangu ziliondoka zote. Muzee aliniangalia.

"Macho iko?"

"Iko."

"Basi tafuta kile kifuniko."

Jifunzeni hapo: ungio lolote la gazojeni linajaribiwa kwa povu la sabuni kabla ya moto. Mnaona, sabuni yangu ilipata kazi.

Mara ya pili motere ilikohoa, ikashika, ikazunguka. Tulipiga kelele. Ikazima. Moto ulikuwa mkali mno katikati ya pipa, pale hewa inapoingilia. Ulikuwa umeanza kuyeyusha bati. Tukalipaka udongo ndani. Udongo ukapasuka. Tukapaka mwingine, ukapasuka tena na kuanguka vipande vipande ndani ya makala.

Miongoni mwa wanawake waliokuwa wakituangalia juu ya ukuta alikuwamo mmoja kutoka Djugu, Mama Ngave. Alikuja na wajukuu watatu. Wazazi wao hakuwataja, na hatukumuuliza. Siku hiyo aliingia uani, akaokota kipande cha udongo uliopasuka, akakivunja kwa kidole.

"Huu munachanganya na nini?"

"Na maji," nikasema.

"Maji peke? Nyungu ya hivi haiwezi kupika hata maharage. Mulete vyungu vyenye kupasuka, muvitwange unga, muchanganye. Udongo wenye ulishaonaka moto njo unafundisha mwenzake."

Alikuwa mfinyanzi. Alivua kitenge cha juu, akajifunga kingine kiunoni, akaingia kifua kizima ndani ya pipa letu na kulipaka kwa mikono yake, akilikausha kidogo kidogo kwa moto wa majani. Halikupasuka tena.

Lakini kabla ya kufaulu tulikaribia kuzika mtu. Mvua ilinyesha, tukasogeza gazojeni ndani ya banda na kufunga mlango ili makala isilowe. Muzee alikuwa anazungusha feni ya kuchochea moto. Mimi nilitoka kuchota maji. Niliporudi alikuwa ameegemea ukuta, midomo myekundu isivyo kawaida, anatabasamu kama mlevi, na spana imemdondoka. Nilimshika kwapani nikamburuta nje mvuani. Mama Kavira akaja mbio, tukampepea, tukamwita jina. Alitapika, akafungua macho.

Pumzi ile haina harufu, vijana. Haina rangi. Inakulaza na haikuamshi. Yeyote kati yenu atakayewasha motere ya aina yoyote ndani ya chumba kilichofungwa, hata kwa dakika za kujaribu tu, simtambui kama mwanafunzi wangu.

Mama Kavira alikuwa analia kwa hasira. "Basi! Tunaacha! Heri njaa kuliko maiti ku mulango yangu!"

Muzee alikuwa bado amelala kwenye tope. Alisema polepole, "Njaa nayo inaleta maiti, Kavira. Inatembea tu pole."

Nilimtazama Mama Ngave, aliyesimama na mjukuu mgongoni. Yeye ndiye aliyetangulia. Alikwenda kwenye banda, akang'oa ubao wa ukuta kwa mikono. Nikamfuata nikang'oa mwingine. Mama Kavira akapangusa uso, akaja. Tulizivua kuta zote za banda lile, tukaacha nguzo na paa, upepo ukapita ndani kama uwanjani. Hata leo ukiniuliza ni lini nilikuwa mekanisie kamili, nitakujibu ni siku ile ya kubomoa, ingawa sikushika spana.

Asubuhi iliyofuata tuliwasha. Mama Ngave alizungusha feni. Kwenye bomba la majaribio nikaweka kijiti cha moto: kwanza moshi mweupe, unaozima kijiti; kisha mwali mwekundu usiotulia; kisha wa buluu, mtulivu, kama ua. Muzee, akiwa kwenye kiti, akainua mkono. Nikafungua njia ya pumzi, nikawahisha cheche kidogo kuliko tulivyozoea kwa petroli, maana pumzi ya makala inawaka taratibu. Nikashika manivela, gumba upande mmoja na vidole, nikavuta. Mara moja. Mara nyingine. Ya tatu ikashika.

Haikuwa na nguvu ya petroli. Labda nusu. Ilisikika kama mtu mzima anayepanda kilima na gunia. Lakini gurudumu lilizunguka, mkanda ukazunguka, mashine ya Mama Kavira ikaanza kuguruma, na mahindi ya kwanza yakaingia juu yakatoka chini, meupe.

Nilidhani watu watashangilia. Hawakushangilia. Walikuja karibu. Bibi mmoja alitia mkono kwenye unga ule wa moto, akaushikilia tu humo, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Baadaye walipanga beseni zao mstari hadi barabarani.

Muzee aliniita. "Silinda moja inaruka. Unasikia?"

"Nasikia, Muzee."

"Bakimaliza kusaga, utairegle, uirudishe sawa."

Hiyo ndiyo ilikuwa sherehe yetu.

Lori lile lilisaga miezi mingi. Asubuhi tuliondoa majivu, mchana tulisafisha kichujio, jioni tulipepeta makala ya kesho. Ukiruka siku moja, vumbi linapita na kula silinda. Nilijifunza kwamba mashine za zamani zilidai jambo moja ambalo za leo zimetusamehe: uwepo wako, kila siku, bila kuchoka. Sasa naona motere za umeme zinaingia mjini, pikipiki zisizo na sauti, na wengine wenu mnaniuliza kama ufundi umekufa. Haujakufa. Umebadilisha chakula tena, kama ulivyofanya mara nyingi. Jifunzeni chakula kipya.

Kisha barabara ya Irumu ikafunguka. Tuliambiwa watu wanapita. Muzee alikuja garaji amevaa koti.

"Mado," akasema, "tushushe kamio, ile lori yetu, chini."

"Muzee, esanse haijafika."

"Sikukuuliza esanse."

Mazutu kidogo ilikuwa imeshaanza kupatikana, na Mama Kavira alikuwa amerudisha motere yake. Akatutazama, akasema tu, "Mupeleke na makala ya kutosha." Tukapakia mapipa nyuma ya kichwa cha lori, tukayafunga kwa minyororo, tukarudisha tairi. Mimi nikashika usukani. Muzee, kwa ule mkono wake, hakuweza tena. Kuendesha nilijua kuzunguka mtaani tu. Sikumwambia kwamba naogopa, naye hakuuliza.

Tulitoka Bunia watu wakitukimbilia kwa vicheko, maana lori lililokuwa kitanda cha kuku linatembea na linatoa harufu ya jikoni. Njiani tulipakia waliokuwa wanarudi kwao kwa miguu. Kwenye mteremko lilienda vizuri. Kwenye mlima lilipungua, likapungua, likasimama linatetemeka. Hakuna aliyesubiri kuambiwa. Abiria wote waliteremka, wanawake na vifurushi vyao, wakaweka mabega, wakasukuma hadi juu, wakapanda tena. Mlima uliofuata, vilevile. Muzee alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono yote miwili.

Irumu, alinionyesha njia kwa kidole. Kulikuwa na nyumba yenye paa lililoanguka upande mmoja, na mbele yake, shambani, mama mfupi alikuwa ameshika jembe na kusimama, anasikiliza.

Muzee aliteremka. Alitembea polepole. Mama Anzelina hakukimbia. Alilaza jembe chini vizuri, kama kitu kitakachohitajika tena, akamfuata.

"Umekonda," akasema.

"Na weye."

"Umekula?"

"Bado."

Akamshika kile kiganja kilichokaa upande, akakishika kwa mikono miwili na hakukiachia. Kisha akaniangalia mimi, asinitambue kwa uso mweusi wa makala na nyusi zilizoota tena nusunusu.

"Na huyu ni nani?"

"Huyu njo mekanisie," akasema Muzee. "Njo yenye amenileta."

Tulikula. Nikalala kwao. Asubuhi nilidhani tutarudi pamoja, nikamkuta amepanda juu ya nyumba na nyundo, anapigilia paa.

"Muzee, hatuendi?"

"Miye nabakia."

"Sasa nitarudi na nani?"

"Na kamio."

Nilisimama pale. Barabara ilikuwa ndefu, milima ilikuwepo, na safari hii sikuwa na uhakika wa abiria wa kunisukuma. Aliona uso wangu, akashuka ngazi mbili tu, asiache nyundo.

"Sikia. Pale kwa muto, simama. Fungua kichujio, usafishe. Utaona kama bado kinavuta muzuri, utasema, aa, kitafikisha. Hakitafikisha. Simama, usafishe."

Akapanda tena.

Nikawasha. Nikaondoka. Kwenye mto motere ilikuwa inaimba vizuri kuliko siku zote, na jua lilikuwa linaenda. Nikasimama. Nikafungua kichujio, nikatoa nyuzi za katani, nikaziosha, nikazikamua, nikazianika juu ya jiwe, nikangoja zikauke. Nikafunga. Nikavuta manivela.

Nilifika.